Droo Mia Tatu na Tisa

Wacław, theluji imeziba tena mlango wa nyuma,
na Jagna, binti wa Halszka, yule mwenye miwani,
ameketi kwenye kiti chako tangu Jumatatu
akiniuliza maswali ambayo wewe hukuwahi kuulizwa.

"Hiki ni kifungo gani?"
Cha pembe, nikamwambia, cha koti la mtu mzima.
"Matundu mangapi? Kipenyo? Kiliingia lini, kwa bei gani?"
Nikacheka. Ni kile chenye rangi ya chai iliyopoa,
droo ya tatu chini ya dirisha, pale paka alipozalia.
Akaandika matundu manne.
Hakuandika paka.

Duka zima ulilipanga kwa kumbukumbu ya vidole.
Droo mia tatu na tisa, ramani yake kichwani mwako,
na Februari ukaondoka na ramani yako.
Nikabaki nafungua, nafunga, nafungua,
mteja amesimama na koti lisilofungika
nami namwambia, njoo kesho.
Łódź ina maduka mengine. Hawakuja kesho.

Mali bila daftari hupotea bila habari, husemwa.
Madaftari tulikuwa nayo! Kumi na saba,
yenye madoa ya kahawa na mwandiko wako wa kuku,
na mali ikapotelea humohumo.

Jagna anasema kila jambo na jedwali lake:
vifungo huku, wateja kule, mauzo katikati,
na kila mmoja apewe namba isiyo ya mwenzake.
Namba hiyo anaiita ufunguo.
Nimeipenda hiyo: kwa kila kifungo, ufunguo.
Ukiushika, jedwali hili linalitambua lile,
kama sebule inavyojua jikoni kunapikwa nini.

Alhamisi, hifadhidata ikaanza kunijibu.
Shaba zenye nanga hazijauzwa miaka kumi na moja
na kila vuli nimeziagiza tena, mimi, kwa mkono wangu.
Vyeupe vidogo vya shati la mtoto
huisha wiki mbili kabla ya komunyo ya kwanza.
Miaka thelathini nauza, sikujua nauza lini.

Kisha Jagna akauliza: nani tunamdai?

Mwandiko wako ulikuwa na "Fundi Teofila",
na "T. Gąsior",
na "yule wa ghorofa ya nne".
Anwani moja. Tukawaunganisha,
watu watatu wakawa mwanamke mmoja,
na vijideni vitatu visivyomkosesha mtu usingizi
vikawa zloti elfu mbili mia moja na arobaini.
Tarehe ya malipo: tupu. Tupu. Tupu, tangu mwanzo.

Nilikaa, Wacław. Sitakuficha nilichowaza.
Mume hamgawi mwanamke mara tatu bila sababu.

"Alinunua nini?" nikauliza, sauti si yangu.
Jagna akabonyeza mara mbili.
Vyeupe. Matundu mawili. Sita, sita, sita, sita,
kila Mei, kila mwaka, sita kwa kila shati,
mashati ya watoto ambao hakuna aliyewanunulia.
Yeye akishona usiku, wewe ukitoa vifungo,
nyote wawili mkinificha mimi, mwenye hesabu kali.

"Niandike nini hapa?" binti akauliza.
"Jedwali hili halikubali utupu."
Nikamwambia aandike imelipwa.
"Na nani?"
Andika dukani. Andika unavyotaka.
Halafu agiza vyeupe, pakiti arobaini, vifike Aprili,
na zile nanga, basi, imetosha.

Jioni alipokuwa akivaa koti
aliniachia kisanduku cha mwisho, cha maelezo,
ambacho hakilazimishwi.
Kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi,
kwenye droo ya tatu chini ya dirisha
nikaandika: paka alizalia hapa, wanne.